Chipu ya Rejea kwa Bodi Ndogo: Lipia Kile Usichoweza Kusahihisha

Chukua bodi tano zinazofanana, zilizotoka kiwandani siku moja, kila moja ikiwa na mikrokontrola ya ESP32 na rezista zilezile, uziunganishe kwenye betri moja ya volti 12. Usishangae zikikuonyesha namba tano tofauti. Moja inaweza kusema 12.1, nyingine 12.9, na zilizobaki zikatawanyika katikati. Betri ni ileile. Kinachotofautiana ni volteji ya ndani ambayo kila chipu hujipimia nayo. Watengenezaji wake, Espressif, wanaeleza kwamba rejea ya ndani ya ESP32 imekusudiwa kuwa milivolti 1,100, lakini chipu moja inaweza kuwa na 1,000 na nyingine 1,200. ATmega328P, ile inayokaa kwenye Arduino Uno, ina uwanja huohuo: volti 1.0 hadi 1.2. Chipu nyingi za ESP32 za miaka ya karibuni huandikiwa thamani yake halisi kiwandani, na programu ikiisoma kosa hupungua sana. Wengi hawaisomi.

Sasa lete jambo hili huku kwetu Kapsokwony, mteremkoni mwa Mlima Elgon. Betri ya asidi ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.7 hivi. Ikifika nusu, huwa karibu na 12.2. Tofauti kati ya kujaa na nusu ni nusu volti tu, yaani asilimia 4 ya kile unachopima. Rejea inayoweza kukosea kwa asilimia 9 inakupa kosa la zaidi ya volti moja. Bodi kama hiyo itamwambia mama mwenye vifaranga chini ya taa kwamba betri imejaa, na saa nane usiku, baridi ya mlima ikiwa imeshuka, taa itazimika. Au itakata stima mapema kila jioni, mwenye nyumba aamini kwamba betri imekufa, anunue nyingine bure.

Nawaandikia vijana wanaochora bodi zao wenyewe huku kwetu, kuanzia Kapsokwony na Kimilili hadi Kitale na Bungoma mjini. Siku hizi mtu anaweza kuchora bodi kwenye kompyuta ya kuazima, akatuma mafaili Shenzhen na kuletewa bodi zilizokamilika. Wanatengeneza vilinda betri vya sola, vipima joto la maziwa, vipima unyevu wa mahindi. Kazi ni nzuri na inahitajika. Lakini katika michoro mingi ninayoiona, kijenzi kinachoamua kama kipimo ni cha kweli ama hakipo kabisa, ama kimewekwa kwa sababu kilikuwa cha kwanza kwenye orodha ya duka.

Mikrokontrola haijui volti ni nini. Kigeuzi chake (ADC) hulinganisha volteji inayoingia na volteji ya rejea, kisha hutoa jibu la ni sehemu ngapi za rejea hiyo. Kigeuzi cha biti 10 huigawa rejea sehemu 1,024, cha biti 12 sehemu 4,096. Rejea ikiwa juu kwa asilimia 2, kila jibu litakuwa chini kwa kiasi kama hicho, na hakuna ustadi wa programu utakaoligundua hilo kutoka ndani, kwa kuwa programu yenyewe haina kingine cha kulinganishia. Ndiyo maana tunaweka nje ya mikrokontrola chipu ndogo ambayo kazi yake ni moja: kutoa volteji ileile asubuhi na mchana, betri ikiwa imejaa au imekwisha.

Kabla ya kuinunua, hakikisha unaihitaji. Ukipima joto la maziwa kwa themista ya kiloomu 10, lisha themista kwa volteji ileile ambayo kigeuzi kinaitumia kama rejea. Volteji hiyo ikipanda, ile inayotoka kwenye themista nayo inapanda kwa kiasi kilekile, na jibu halibadiliki, kwa sababu unachopima ni uwiano wa rezista mbili. Hapo chipu ya rejea ni pesa iliyotupwa. Fanya vivyo hivyo kwa potenshomita na kwa vihisi vya uzito vyenye rezista nne. Rejea ya kweli inahitajika pale unapouliza swali la volti hasa: betri ina volti ngapi, paneli inatoa ngapi, kihisi chenye volteji yake kinasema nini.

Kuna njia nyingine ya kuikwepa, nayo ninaipenda kwa wanaotumia ESP32. Chipu hiyo haina mguu wa kupokea rejea kutoka nje, na kigeuzi chake kimepinda karibu na ncha zote mbili za uwanja wake. Unaweza kuunganisha rejea kwenye mlango mwingine wa kigeuzi, uisome, kisha usahihishe vipimo vingine kwa hesabu. Inafanya kazi, lakini upindaji unabaki. Ni afadhali kuweka kigeuzi cha pembeni chenye rejea yake ndani, kama ADS1115 cha biti 16. Kosa lake la ukubwa wa kipimo, rejea yake ikihesabiwa humo, halizidi asilimia 0.15, na kinapatikana katika umbo la milimita 1.5 kwa 2. Unapata kazi ya vijenzi viwili katika nafasi ya kimoja.

Tuseme basi umeamua unahitaji chipu ya rejea yenyewe. Ukifungua orodha utakutana na mamia, na macho yatakwenda moja kwa moja kwenye safu ya usahihi wa awali: asilimia 1, 0.5, 0.2, 0.1, bei ikipanda kwa kila ngazi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kosa la awali ni kosa lisilobadilika. Kama chipu yako ya volti 2.5 inatoa 2.512, itatoa 2.512 kesho pia. Pima mara moja kwa mita nzuri, andika namba hiyo kwenye kumbukumbu ya mikrokontrola, na kosa limekwisha. Kuyumba kwa joto ni habari nyingine. Kosa hilo huja na kuondoka na jua, na ili ulisahihishe ungehitaji kupima kila bodi katika majoto mbalimbali, kazi ambayo hakuna fundi wa bodi ishirini atakayeifanya. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kosa unaloweza kulisahihisha mezani usililipie, pesa yako ipeleke kwenye lile usiloweza kulisahihisha.

Kuyumba kwa joto huandikwa kwa sehemu kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na datashiti huandika kwa kifupi ppm. Fanya hesabu yako kwa mazingira yetu. Usiku mteremkoni mwa mlima chukua nyuzi 10. Mchana, ndani ya kasha lililofungwa na kupachikwa chini ya bati, chukua 50. Hizo ni nyuzi 40 za kupanda na kushuka kila siku. Chipu ya rejea LM4040, ambayo madaraja yake mazuri hayazidi ppm 100, inaweza kuyumba kwa asilimia 0.4, yaani milivolti 10 kwenye volti 2.5. REF3025 yenye ppm 50 itayumba kwa nusu ya hapo, na REF3325 yenye ppm 30 kwa asilimia 0.12 tu. Rudisha namba hizo kwenye betri ya volti 12.7: LM4040 inakukosesha kwa volti 0.05, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya umbali kati ya betri iliyojaa na ya nusu. Kwa kilinda betri cha nyumbani, hiyo inatosha kabisa, na usikubali mtu akuambie vinginevyo.

Kwa kipima unyevu wa mahindi hali inabadilika. NCPB, bodi ya taifa ya nafaka, hupokea mahindi yasiyozidi unyevu wa asilimia 13.5, na mkulima wa Kiminini au Kaptama aliyekodi gari hadi ghala la Kitale anaweza kurudishwa kwa sababu ya nusu ya asilimia moja. Joto la nafaka yenyewe linabadilisha kipimo, nalo lina hesabu yake. Usiliongezee kosa la rejea inayoyumba. Hapo lipia ppm 30 au chini ya hapo, na usijutie.

Kabla hujamaliza kuhesabu rejea, tazama rezista zinazoishusha volteji ya betri. Sehemu hii ndiyo naona inasahaulika kuliko zote. Chukua seli moja ya lithiamu ya volti 4.2, volteji yake igawanywe mara mbili kwa rezista mbili zilizo sawa, isomwe dhidi ya rejea ya volti 2.5. Seli hizi huvumilia milivolti 50 hivi juu au chini ya 4.2 zinapojazwa, kwa hiyo hilo ndilo kosa lote unaloruhusiwa. Weka rezista za asilimia 1 na LM4040 ya daraja C, yenye kosa la awali la asilimia 0.5. Katika hali mbaya kabisa, rezista zinachangia asilimia 1, rejea 0.5, joto 0.4. Jumla ni 1.9, sawa na milivolti 80. Umeshindwa. Sasa nunua LM4040 ya daraja A, ya asilimia 0.1, uache rezista zilezile: jumla inashuka hadi 1.5, milivolti 63. Bado umeshindwa, na umelipa zaidi. Rudi kwenye daraja C, ubadilishe rezista ziwe za asilimia 0.1: jumla ni 1.0, milivolti 42, na bodi imepita. Rezista mbili zimefanya kile ambacho chipu ya gharama haikuweza. Na kama utasahihisha kila bodi mezani, hata rezista za asilimia 1 zitafaa, mradi nazo zisiyumbe sana kwa joto. Soma ppm zake pia.

Ningependa niseme jambo moja la usalama hapa: usiache kukata chaji ya lithiamu mikononi mwa mikrokontrola peke yake, hata rejea iwe nzuri kiasi gani. Programu hukwama. Weka chipu ya kuchaji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mikrokontrola ibaki ya kupima na kutoa taarifa.

Rejea zenyewe ni za namna mbili, na tofauti yake utaiona kwenye betri. Ya kwanza, ya shanti, hufanya kazi kama zena: unailisha kupitia rezista, nayo hunyonya mkondo wowote unaozidi ili volteji isipande. LM4040 na TL431 ni za ukoo huo. Ya pili, ya mfululizo, ina miguu ya kuingia, kutoka na ardhi, na huchukua tu mkondo inaouhitaji. REF30 na REF33 ni za namna hii.

Ya shanti ni nafuu, haijali volteji ya kulisha ikipanda sana, mradi rezista imechaguliwa vizuri. Rezista hiyo ihesabu kwa hali mbaya, usiihesabu kwa volteji iliyoandikwa kwenye mchoro. Tuseme laini yako ya volti 3.3 hushuka hadi 3.0 redio ya Wi-Fi inapowaka, rejea ni ya 2.5, mzigo unachukua mikroampea 100, na unataka rejea yenyewe ibaki na angalau 100. Volti 0.5 gawanya kwa mikroampea 200 inakupa kiloomu 2.5, basi weka 2.2. Laini ikirudi 3.3, mkondo utakuwa kama mikroampea 364, mchana na usiku. Kwenye betri ya gari inayochajiwa na sola hiyo si kitu. Kwenye kifaa kinachoishi kwa seli moja ya 18650 ya milampea-saa 2,500, ni karibu milampea-saa 260 kwa mwezi, sehemu moja ya kumi ya betri imekwenda kwa ajili ya rejea tu. REF3325 inakula kama mikroampea 4. Kwa mwezi mzima ni milampea-saa 3.

Kama mfuko unakubana na ni lazima utumie ya shanti kwenye betri ndogo, ilishe kutoka kwenye mguu mmoja wa mikrokontrola. Iwashe unapotaka kupima, subiri itulie, pima, izime. Ukiwa na kapasita ya mikrofaradi 1 na rezista ya kiloomu 2.2, ipe milisekunde 20. Kifaa kinachopima mara moja kila dakika kumi hakitahisi gharama yoyote.

TL431 nitaizungumzia peke yake kwa sababu kila fundi anayo. Imo ndani ya chaja za simu na saplai za kompyuta zilizokufa, karibu na kile kijenzi cheusi cha miguu minne kinachovusha mwanga. Inatoa volti 2.495 na ni imara, lakini ili ifanye kazi kwa uhakika inataka hadi milampea 1, yaani milampea-saa 24 kwa siku. Kwa betri ndogo ni mlafi. Ndugu yake TLV431, ya volti 1.24, hutosheka na sehemu ndogo ya hapo. TL431 pia haipendi kapasita yoyote tu mgongoni mwake: kuna uwanja wa thamani unaoifanya itetemeke, na datashiti ina grafu inayoonyesha uwanja huo. LM4040 haina ugomvi huo. Halafu kuna mtego wa TL432. Ni chipu ileile kwa tabia, ila katika umbo dogo la SOT-23 miguu miwili imebadilishana nafasi. Ukichora bodi kwa TL431 na duka likakutumia TL432, hakuna kitakachowaka vizuri na utatafuta kosa kwenye programu kwa wiki nzima.

Mtu ataniuliza: kwa nini nisiweke zena ya 3.3 niliyo nayo dukani? Kwa sababu zena za chini ya volti 5 ni laini. Ile ya 3.3 hupimwa kiwandani kwa milampea 5. Ukiilisha mkondo mdogo ambao betri yako inaweza kuumudu, itashuka mbali chini ya 3.3, na itasogea kila volteji ya kulisha inaposogea. Rejea za kisasa za volteji ndogo zinatumia njia nyingine. Mwaka 1971 Robert Widlar wa National Semiconductor alitoa LM113, iliyojumlisha volteji mbili ndani ya silikoni: moja inayoshuka kwa joto, milivolti 2 hivi kwa kila nyuzi, na nyingine inayopanda. Ukizipanga kwa uwiano ufaao zinafutana, na jumla yake huwa karibu na volti 1.2. Ndiyo sababu utakutana na 1.225, 1.24 na 1.25 kila mahali. Rejea nyingi za volteji ya juu zaidi zinakuza hiyohiyo.

Kuhusu volteji ya kuchagua, anza na saplai yako inapokuwa mbaya kabisa, kisha ushuke chini yake kwa nafasi ya kutosha. Rejea ya 3.0 kwenye laini ya 3.3 inavutia kwenye karatasi, lakini laini ikiyumba kidogo tu rejea inakosa chakula. Kwa laini ya 3.3 mimi huchagua 2.5 au 2.048. Hiyo ya pili ina raha yake: kwenye kigeuzi cha biti 12 kila hatua ni nusu milivolti kamili, na hesabu kwenye mikrokontrola ndogo inakuwa nyepesi. Kwa kifaa cha betri ya kitufe ya CR2032, ambayo hukaribia volti 2 inapokwisha, baki kwenye 1.25.

Sasa udogo wenyewe. SOT-23 ina mwili wa milimita 2.9 kwa 1.3. SC70 ina 2 kwa 1.25, si kubwa sana kuliko punje ya wimbi. Chini ya hapo kuna maumbo yasiyo na miguu, pedi zikiwa zimefichwa chini ya tumbo, na mengine ambayo ni kipande cha silikoni kisicho na koti. Kipande kama hicho kinaweza kubadilisha volteji kikipigwa na mwanga, jambo baya kwa kifaa cha sola chenye kifuniko kinachopitisha nuru. Uliza swali moja: nani atakitengeneza kikiharibika? Kama jibu ni fundi wa sokoni Kapsokwony mwenye soldaringi ya kawaida na kioo cha kukuza, weka SOT-23. Milimita unazookoa kwa kushuka chini ya hapo mara chache huwa ndizo zinazozuia bodi kuingia kwenye kasha. Mara nyingi kinachozuia ni soketi ya betri au skrubu. SC70 iache kwa bodi ambayo umepima na kuona kweli nafasi haipo.

Miguu nayo isome kwenye datashiti ya mtengenezaji uliyemnunulia. LM4040 katika SOT-23 ina mguu wa tatu ambao hauna kazi, lakini lazima uachwe wazi au uunganishwe na anodi. Ukiupeleka penginepo kwa kudhani ni mtupu, umeharibu kipimo.

Mahali pa kuiweka kwenye bodi pana uzito sawa na chipu yenyewe. Iweke mbali na regyuleta na transista zinazochaji betri, kwa sababu ppm ulizolipia zinahesabiwa kwa joto la chipu yenyewe; joto la chumba halihusiki. Iweke pia mbali na tundu za skrubu: bodi ikikazwa na kupinda, silikoni nayo inakamuliwa, na volteji inasogea. Ardhi yake irudi karibu na ardhi ya kigeuzi, isipitie njia moja na mkondo wa mota au taa. Kapasita ya kutuliza iwe jirani na mguu wa rejea wa kigeuzi, kwa thamani ambayo datashiti imeiruhusu.

Huku mlimani kuna adui mwingine, ukungu. Mabaki ya flaksi yakikutana na unyevu huanza kupitisha mkondo kidogo, na kama umeweka rezista za megaomu ili kuokoa betri, mkondo huo mdogo unatosha kuharibu kipimo. Safisha bodi kwa spiriti safi na brashi, ikauke kabisa, kisha uipake vanishi ya bodi. Kwa betri ya volti 12, rezista za kiloomu 100 na 20 zinatosha. Zinachukua mikroampea 125 volteji ikiwa 15, na hazitishwi na ukungu kama za megaomu. Weka kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na rezista ile ya 20, kigeuzi kipate mkondo wa haraka kinapopima.

Ununuzi. Katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, kupata TL431 ni rahisi kuliko kupata rejea ndogo ya daraja unalolitaka. Kwa hizo utaagiza nje. Agiza kwa namba kamili, herufi zote za mwisho zikiwemo, kwa sababu herufi moja ndiyo inayotenganisha asilimia 0.1 na asilimia 1, na herufi nyingine inatenganisha SOT-23 na SC70. Nunua za ziada. Kijenzi cha milimita mbili kikianguka kwenye sakafu ya saruji hakipatikani tena.

Zikifika, zijaribu kabla ya kuziamini. Mita ya bei nafuu yenye kosa la asilimia 0.5 haiwezi kuthibitisha rejea ya 0.1; rejea inaijua volti kuliko mita. Kwa kusahihisha bodi tafuta mita bora zaidi, na kama huna, omba kwa heshima kwenye maabara ya chuo, maana tuna Kitale National Polytechnic upande mmoja na Chuo Kikuu cha Kibabii upande wa pili. Lakini kuyumba unaweza kukuona hata kwa mita ya kawaida inayoonyesha milivolti moja moja, kwa kuwa hapo unatafuta mabadiliko tu. Funga bodi kwenye mfuko wa plastiki, nyaya zikitokeza nje, uiweke kwenye friji. Soma. Itoe ipate joto juani. Soma tena. Mita yenyewe ibaki kivulini, isibadilike joto. Rejea ya volti 2.5 yenye ppm 50 haitakiwi kusogea zaidi ya milivolti 4 kwa nyuzi 30. Ikisogea kwa 20, hujauziwa ulichoagiza. Kisha badilisha volteji ya kulisha kutoka 3.0 hadi 3.6 uone kama rejea inaifuata. Nzuri haitoki mahali pake.

Ukiniuliza ununue nini kwa bodi yako ya kwanza, jibu langu ni fupi. Kwa kilinda betri cha volti 12 kinachoishi kwenye sola, weka LM4040 ya volti 2.5, daraja C, umbo la SOT-23, na usahihishe kila bodi mezani. Kwa kifaa kidogo kinachoishi kwa seli moja ya lithiamu, weka REF3325. Kwa ESP32, weka ADS1115 uachane na kigeuzi cha ndani. Na kwenye kila bodi unayoiuza, andika kwa wino usiofutika namba kamili ya rejea, thamani uliyoipima na tarehe uliyoipima, ili fundi atakayeifungua baada yako asianze kukisia.